MGB Inapozima: Kutafuta Hitilafu ya Pampu ya Petroli na Umeme katika Gari la Michezo la Zamani

MGB likiletwa gereji kwa kusukumwa, mwenyewe huwa ameshatoa hukumu njiani kwamba pampu ya petroli imekufa. Wengine huwa wameshaagiza nyingine kutoka Uingereza, wakalipia usafiri na ushuru, na hunikabidhi boksi pamoja na ufunguo wa gari. Katika haya machache ninayoyahudumia hapa Malindi, pampu iliyokufa kweli ni nadra. Ninachokikuta mara kwa mara ni pampu nzima isiyopata umeme wa kuitosha, na umeme haufiki kwa sababu gari hulala karibu na ufukwe, ambako upepo wa kusi hubeba unyunyu wa bahari kwa miezi mfululizo na kuupenyeza katika kila kiungo cha waya kisichozibwa.

Maelezo haya yanahusu MGB za 1968 hadi 1974, zenye umeme wa volti 12, hasi ya betri ikiwa imefungwa kwenye bodi, kabureta mbili za SU (kampuni ya Kiingereza) na pampu ya umeme ya SU iliyoko nyuma. Gari hili lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya magari 500,000, kwa hiyo vipuri na michoro ya nyaya zake havijawa adimu. Yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967 yamefungwa betri kinyume, yaani chanya ndiyo iliyounganishwa na bodi. Mwenye gari la namna hiyo ageuze nyaya za mita ya kupimia umeme kila ninapotaja kipimo, na asifunge pampu mpya yenye dayodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kabla ya kuhakikisha kwamba imetengenezwa kwa mpangilio wa gari lake, kwa maana dayodi ikipitishiwa umeme kinyume huungua papo hapo.

Jambo la usalama nalisema mara moja tu. Gari litolewe nje penye upepo, waya wa hasi wa betri ufunguliwe kabla ya kulegeza bomba lolote la petroli, na asikaribie mtu mwenye sigara. Taa ya kuning'inia yenye balbu ya kioo isitumike chini ya gari, kwani tone moja la petroli likiidondokea balbu iliyopata moto huipasua. Ndoo ya mchanga mkavu iwekwe karibu.

Sikiliza kabla ya kufungua

Uzuri wa pampu ya SU ni kwamba inasema. Ndani yake mna koili inayovuta kiwambo cha mpira, na kiwambo kinapovutwa petroli huingia kutoka tangini. Kikifika mwisho wa safari yake, pointi ndogo zilizo chini ya kifuniko huachana, umeme hukatika, na springi hukisukuma kiwambo kirudi, kikiipeleka petroli mbele kwenye kabureta. Kinaporudi, pointi hukutana tena. Kila safari hutoa mlio mmoja mkavu, kama kucha inayogonga kopo. Bakuli za kabureta zikijaa, sindano za boya hufunga njia, springi hukosa pa kusukumia, na pampu hutulia pointi zikiwa zimeachana, bila kula umeme wowote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji spana. Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, zima redio na feni, mwambie aliyesimama pembeni anyamaze, usikilize upande wa nyuma kulia. Pampu nzima hugonga haraka haraka sekunde chache, ikapunguza mwendo, kisha ikanyamaza, na baada ya hapo ikagonga mara moja moja kwa kuachana sana. Ukisikia hivyo na gari haliwaki, iache pampu na uende kwenye plagi. Sauti ikiwa tofauti na hiyo, tofauti yenyewe ndiyo itakayokuongoza.

Pampu iko kimya kabisa

Ukimya una sababu zaidi ya moja, na wengi hukosea hapa kwa kuuchukulia kuwa ni mmoja. Fungua kifuniko kilicho ndani ya buti upande wa kulia, ambako kichwa cha umeme cha pampu hujitokeza, acha swichi ikiwa wazi kwa dakika moja, kisha uweke kiganja juu ya pampu.

Ikiwa imepata joto, umeme unafika na koili inavuta, lakini kiwambo kimekwama katikati ya safari kwa sababu petroli haiingii. Pointi hubaki zimekutana na koili hujichoma polepole. Funga swichi upesi, kisha utafute kizuizi upande wa tangi: chujio lililoziba, bomba lililobonyea kwa jiwe, au kutu iliyojikusanya kwenye mdomo wa kuvutia. Tangi la gari lililokaa miezi sita bila kutembea, likiwa robo tu, hupata jasho ndani kila usiku, na maji hayo hushuka chini ya petroli yakala bati. Nimewahi kutoa humo tope la rangi ya maji ya mto Sabaki wakati wa masika.

Ikiwa ni baridi, basi ama umeme haufiki, ama pointi hazishikani, ama njia ya mbele imeziba na pampu imetulia kama kwamba bakuli zimejaa. Hili la mwisho hujulikana kwa kulegeza bomba kwenye kabureta na kulielekeza ndani ya chupa. Pampu ikianza kugonga na petroli ikatoka, tatizo liko kwenye sindano ya boya iliyoganda. Isipogonga, igonge kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kwenye mwili wake. Ikiamka, pointi zake zimefanya ukungu kwa kukaa. Fungua kifuniko cheusi, pitisha kati ya pointi kipande cha karatasi ngumu kilicholowa spiriti, ukivute mpaka kitoke kisafi. Pointi zilizochimbika na kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili hazisafishiki zikadumu, na mara nyingi ni dalili kwamba kondensa au dayodi inayozuia cheche imekufa, kwa hiyo zibadilishwe pamoja.

Bado iko kimya? Hapo ndipo mita inapotoka sandukuni, na hapo ndipo pampu nzima nyingi hutupwa.

Mzee mmoja wa Shela, hapa hapa Malindi, alinijia na MGB ya 1971 na pampu mpya ndani ya boksi. Fundi wa kwanza alikuwa amechomoa waya mweupe wa pampu, akaupima dhidi ya bodi, akapata volti 12.4, na akahitimisha kwamba umeme upo na pampu ndiyo mbovu. Mzee alinionyesha kipimo kile kile mwenyewe. “Si waona, mwanangu? Umeme uko.” Kipimo kilikuwa sahihi na hitimisho lilikuwa la makosa. Waya uliochomolewa haubebi mzigo, na mita yenyewe haili umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba, au kiungo kilichojaa ukoga wa kijani, kitaonyesha volti zote za betri. Ni sawa na mfereji ulioziba kwa taka, ambao ukifungwa bomba mwishoni maji yake husimama na kupanda mpaka juu, lakini ukilifungua hutoa matone.

Pampu ya SU ni shida kupima ikiwa inafanya kazi kwa sababu hula umeme kwa kukatiza, na namba za mita ya kidijitali hurukaruka. Mimi hutumia balbu ya taa ya breki, ya wati 21, iliyounganishwa nyaya mbili zenye klipu. Balbu hiyo hula karibu ampea 1.75 bila kukatiza, mzigo wa kutosha kuufichua waya mdhaifu. Nilichomoa nyaya zote mbili za pampu ya Mzee, mweupe na mweusi, nikazibana kwenye balbu. Ikawaka wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika, na mita kati ya nyaya hizo mbili ikasoma volti 6.8.

Volti 5.6 zilikuwa zimepotelea njiani, na zilikuwa zimepotea katika njia mbili, ya kwendea na ya kurudia. Balbu ikiwa inawaka bado, nilivuta waya mrefu kutoka hasi ya betri, iliyo chini ya kifuniko nyuma ya viti, nikaweka mita kati ya waya huo na ule mweusi wa pampu. Mita ilisoma 4.2. Kipimo hicho kisizidi 0.3 katika gari lenye nyaya nzuri. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Mzee ilikuwa ikifika kwenye pampu na kushindwa kurudi. Waya mweusi, ambao mafundi wetu huuita athi, umefungwa kwa skrubu kwenye bati la bodi ndani ya buti, na skrubu ile ilipotoka ilikuja na ganda la kutu lenye chenga nyeupe za chumvi katikati, rangi ya gari ikiwa imenyanyuka pembeni kama ganda la kitunguu. Nilipiga msasa bati mpaka likang'aa, nikasafisha kijicho cha waya pande zote mbili, nikafunga kwa skrubu mpya na washa yenye meno, nikapaka vaselini juu yake. Vaselini ipakwe baada ya kufunga. Ikitangulia, hukaa katikati.

Volti 1.4 zilizobaki zilikuwa upande wa mbele. Waya mweupe unatoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita chini ya dashibodi, unaingia kwenye mkungu wa nyaya unaokwenda nyuma, na njiani una viungio vidogo vya mviringo vinavyosukumwa ndani ya mrija wa bati uliovikwa mpira. Mpira huo huyazuia maji yasitoke kuliko unavyoyazuia yasiingie. Vuta kila kiungio, ukizungusha kidogo wala usiuvute waya wenyewe, na ukikuta kijani au weusi, badilisha mrija wote, kwani kusafisha ndani yake ni kazi ya saa nzima isiyodumu msimu mmoja. Baada ya hapo mita kwenye balbu ilisoma volti 11.7, na pampu ya zamani ikagonga kama saa ya ukutani.

Kuna jambo kuhusu waya mweupe linalowapotezea watu muda: katika magari haya haupiti kwenye fyuzi. Rangi za nyaya za Kiingereza za wakati ule zina mpangilio wake. Kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe hupata umeme baada ya swichi ya ufunguo bila fyuzi, kijani hutoka kwenye nyeupe baada ya kupita fyuzi, na nyeusi ni ya kurudi. Kwa hiyo kubadilisha fyuzi zote nne hakutaiamsha pampu. Mpangilio huo huo unakupa kipimo cha bure. Fungua swichi uangalie geji ya mafuta na waipa, ambazo ziko kwenye kijani. Zikifanya kazi, swichi ni nzima na tatizo liko kati yake na pampu. Zote zikiwa zimekufa pamoja na pampu, anza kwenye swichi yenyewe na waya wa kahawia unaoilisha. Haya yote, bila shaka, ni kwa gari ambalo halijapita mikononi mwa fundi aliyeziba pengo kwa waya wa kuwekea taa za nyumbani na tepu. Ukikuta waya wa rangi ambayo mchoro hauujui, ufuate mwanzo hadi mwisho kwa mkono kabla ya kuamini chochote.

Kwa dharura, waya wenye fyuzi ndani yake unaweza kutolewa chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye pampu, ili kuthibitisha kwamba kosa liko katika njia ya mweupe au kulifikisha gari nyumbani. Usiuache hapo. Pampu iliyofungwa hivyo haizimwi na ufunguo, na bomba likipasuka katika ajali itaendelea kumwaga petroli.

Pampu inagonga bila kukoma

Hapa umeme hauna lawama. Pampu inayogonga kwa kasi bila kupunguza, na kabureta ni kavu, inavuta hewa. Hakikisha kwanza tangi lina petroli, kwa maana geji za magari haya ni waongo wazoefu, kisha kagua bomba la mpira na klipu zake kati ya tangi na pampu. Ufa wa upande huu hauvuji nje, kwa kuwa ndani mna mvuto, na ndiyo sababu wengi huupita. Mpira wa zamani hupasuka nyufa ndogo ndogo ukiukunja kwa vidole. Mabomba yakiwa mazuri, valvu za ndani ya pampu zimebanwa na uchafu, na petroli inakwenda mbele na kurudi nyuma papo hapo.

Ikigonga bila kukoma na kabureta zimejaa, utanusa kabla hujaona. Petroli hutoka kwenye bomba la ziada la bakuli na kudondoka karibu na silensa iliyo moto. Zima mara moja. Sindano ya boya haifungi, ama kwa punje ya kutu, ama boya limetoboka na kuzama. Litikise karibu na sikio, na likiwa na petroli ndani utaisikia.

Gari linawaka vizuri, kisha linazima njiani

Malalamiko haya huja kwa maneno yale yale: lilitoka mjini vizuri, likafika karibu na Gede, likazima, likapumzika nusu saa, likawaka tena kana kwamba halikuwa lolote. Swali langu la kwanza ni namna lilivyozima. Gari linalokosa petroli hudhoofika kwanza, likakohoa kwenye kabureta, likajikokota na kukubali kidogo ukivuta choki. Gari linalokosa cheche hukatika kama taa. Dereva aitazame saa ya mizunguko ya injini wakati gari bado linaserereka likiwa kwenye gia. Mshale ukianguka sifuri ghafla ilhali injini inazungushwa na magurudumu, umeme mdogo wa koili ya cheche umekatika, na pampu haihusiki kabisa.

Likiwa la petroli, fungua kifuniko cha tangi kabla ya kitu kingine. Ukisikia pumzi ndefu ikivutwa ndani, tundu la hewa limeziba, na pampu ilikuwa ikishindana na tangi lililobana. Ni hitilafu ya kuondolewa kwa pini, na nimeona watu wakiibadilishia pampu mbili. Kama hakuna pumzi, fungua buti usikilize. Pampu ya kimya na moto inakurudisha kwenye kizuizi cha tangi, kwani takataka huelea na kuziba mdomo baada ya kilomita kadhaa, kisha huachia gari likisimama.

Likiwa la cheche, mshukiwa wa kwanza ni kondensa ya distributa, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho hufa kikipata joto na kufufuka kikipoa. Koili ya cheche ifuate: upinzani wake wa upande mdogo uwe takriban ohm 3, na upimwe ikiwa moto, maana ikipoa hujifanya nzima. Pengo la pointi za distributa liwe kati ya milimita 0.35 na 0.40. Usisahau kile kiwaya chembamba ndani ya distributa kinachocheza na bamba la pointi. Nyuzi zake hukatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halina kasoro.

Stata inajikokota na kebo inafuka moshi

Dalili hii ni ya umeme mtupu, lakini huiponza pampu, kwa kuwa volti zinaposhuka sana wakati wa kupiga stata pampu hukosa nguvu ya kuvuta. Mengi ya magari haya yana betri mbili za volti 6 zilizofungwa mfuatano nyuma ya viti, na kebo fupi inayoziunganisha husahaulika kwa sababu kuifikia ni usumbufu. Piga stata sekunde kumi, kisha gusa kila kichwa cha betri. Kilicho moto ndicho kibovu.

Ukiona kebo ya choki inafuka moshi unapopiga stata, usishangae kuwa choki inahusikaje na umeme. Injini imelala juu ya mipira, na umeme mkubwa wa stata hurudi kwenye bodi kupitia ukanda mmoja wa nyaya za shaba uliosukwa. Ukanda huo ukioza, au fundi aliyeshusha giaboksi akausahau, umeme hutafuta njia nyingine ya chuma, na iliyopo ni kebo ya choki au ya akselereta. Zima kabla kebo haijajichomelea ndani ya ala yake. Ukanda mpya, pande zote mbili zikiwa zimepigwa msasa hadi chuma cheupe, humaliza jambo. Injini ikishawaka, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ikisoma 12.5 na kushuka, altaneta haichaji na utazimikiwa tena hata nyaya zote zikiwa mpya.

Kuihukumu pampu yenyewe

Baada ya kuthibitisha volti zisizopungua 11.5 chini ya mzigo wa balbu, tangi linalopumua na mabomba yasiyovuta hewa, ndipo pampu ipimwe. Toa bomba kwenye kabureta, liingize katika chupa ya lita moja iliyosimamishwa mbali na koili ya cheche, mwenzako afungue swichi, na wewe ushike saa. Pampu nzima huijaza chupa kwa takriban dakika moja. Ikitoa nusu, au ikitoa petroli yenye mapovu yasiyokwisha ingawa mabomba ya nyuma ni mapya, kiwambo kimekakamaa au valvu zimelika, na hapo boksi kutoka Uingereza lifunguliwe. Presha yake haipaswi kuzidi sana psi 3, kwa hiyo pampu ya gari la injekta inayopatikana kwa urahisi madukani haifai, kwa kuwa huzisukuma sindano za boya na kufurisha kabureta.

Pampu ikirudishwa mahali pake, gari lioshwe chini kwa maji ya bomba. Maji ya visima vilivyo karibu na ufukwe yasitumike, kwani mengi yana chumvi, na nimeshamwona mtu akiosha MGB yake kwa bidii kila Ijumaa kwa maji ya kisima chake, akiipaka chumvi ile ile aliyodhani anaiondoa.